Banda la Mianzi na Makuti: Kulijenga na Kulitunza

Yako mambo ambayo yapasa kila nyumba kuyajua, hata kama baba wa nyumba hiyo ni mwalimu, au karani, au mkulima wa karafuu, wala si fundi. Mojawapo ni hili la kujenga banda na kulitunza. Maana pale Wawi, kama ilivyo katika Pemba nzima, mtu aweza kuona mabanda mawili yaliyojengwa mwaka mmoja, kwa miti ya namna moja na makuti ya bei moja. La kwanza limeinama upande kama mzee aliyechoka. Paa lake limeota majani, na nguzo zake zimeliwa na mchwa. La pili limesimama wima, na watoto wamelala ndani yake mvua ikinyesha. Tofauti yao si fedha. Tofauti yao ni maarifa, na bidii ya wenyewe.

Nasema haya nikiwafikiri hasa vijana waliooa karibuni. Wengi wao huona haya kujenga kwa miti na makuti. Husema, Nitajenga nikipata matofali na bati. Basi hungoja. Mwaka hupita, na wa pili, na wa tatu. Mke hukaa katika chumba kimoja nyumbani kwa wakwe zake; hana jiko lake, wala mlango wa kuufunga, wala mahali pa kumkaribisha mama yake ajapo kumtazama. Na ile fedha iliyowekwa akiba hupungua kidogo kidogo, leo kwa homa ya mtoto, kesho kwa arusi ya ndugu. Wazee walisema, Nyumba njema si mlango. Banda safi lililojengwa kwa akili katika bustani ya migomba na minazi si aibu kwa mtu. Ni mwanzo wa mji. Na siku matofali yatakapopatikana, banda lile litakuwa jiko, au ghala, au mahali pa mgeni.

Hata yule mwenye nyumba ya mawe lamfaa banda shambani. Wakati wa karafuu, mtu aliyeanika majamvi yake mbali na nyumbani hana budi kuwa na paa la karibu. Wingu likija ghafula kutoka baharini, karafuu zisipoingizwa ndani huvunda na kupoteza rangi yake, na bei yake huanguka. Kazi ya wachumaji wa siku nzima hupotea katika robo saa.

Ujenzi wetu ni wa kale

Mtu asidhani kwamba nyumba ya fito na udongo ni jambo la washamba tu. Katika miaka ya 2000 wataalamu wa mambo ya kale, Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher, walichimba pale Tumbe, upande wa kaskazini wa kisiwa chetu. Waliona mabaki ya mji mkubwa uliokaliwa kati ya karne ya 7 na karne ya 10. Watu wake walifanya biashara na nchi za ng'ambo, nao walitumia vyombo vya kigeni vilivyoletwa kwa majahazi. Lakini nyumba zao zilikuwa za miti na udongo. Hata karibu yake, pale Chwaka, ambako baadaye ilijengwa misikiti ya mawe, watu wengi waliendelea kukaa katika nyumba za udongo. Twajua hayo kwa kuwa udongo uliokandikwa ukiungua kwa moto hugeuka kama kigae, nao hubaki ardhini karne nyingi ukiwa na alama za fito zilizokuwa ndani yake. Basi ajengaye banda leo ashika kazi iliyofanywa na wazee wa Pemba zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Kwa nini mianzi

Tangu zamani miti ya kujengea pwani yetu ilitoka katika mikoko: nguzo, boriti, mapau na fito. Boriti hizo zilipelekwa hata Arabuni kwa majahazi. Vyumba vya nyumba za mawe za Unguja mjini na za Lamu vilikuwa vyembamba kwa sababu hiyo, maana upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Lakini mikoko si ghala lisilokwisha. Mwaka 1982 Kenya ilikataza kuuza boriti nchi za nje, na kwetu Zanzibar Sheria ya Misitu Namba 10 ya mwaka 1996 iliweka ukataji wa miti ya namna hiyo chini ya ruhusa ya serikali.

Tena sababu yake twaiona wenyewe. Mikoko ndiyo ukuta wa pwani. Mizizi yake hushika tope, huvunja nguvu za mawimbi, na huwafunika samaki wadogo na kamba wasiliwe. Penye mikoko iliyokatwa, maji ya chumvi hupanda wakati wa bamvua na kuingia katika mabonde ya mpunga. Na bonde likishaingia chumvi halizai vema kwa muda mrefu. Basi mtu akatapo mikoko ovyo ili apate paa, huenda akawa ametoa chakula chake alipe nyumba yake.

Mwanzi una tabia nyingine. Mwanzi si mti, bali ni jani kubwa, ndugu wa muwa na mpunga. Chipukizi lake hutoka ardhini likiwa na unene wake wote, wala haliongezeki unene tena. Kwa miezi michache hufikia kimo chake, kisha hukaa miaka 3 hivi likikomaa na kuwa gumu. Ukikata mianzi iliyokomaa kwa kiasi, shina halifi. Masika yajayo hutoa machipukizi mengine. Kule nyanda za juu za kusini, Iringa, watu hugema mwanzi wakapata ulanzi. Kule Sidama, katika nchi ya Uhabeshi, nyumba nzima husukwa kwa mwanzi toka chini hata juu kama kikapu kilichofudikizwa. Na mwaka 1991, tetemeko kubwa la nchi lilipopiga Limón katika Costa Rica, nyumba za mianzi zilizokuwa jirani zilisimama, na nyingi za saruji zikaanguka; kwa kuwa mwanzi hupinda, hauvunjiki upesi.

Kuchagua na kukata

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na kosa la hapa halitengenezeki baadaye. Mwanzi mchanga una sukari na wanga mwingi ndani yake, na wadudu wapekechao huupenda kama sisi tupendavyo muhogo. Mtu akiukata leo na kuujenga kesho, baada ya miezi michache ataona unga wa manjano sakafuni kila asubuhi. Huo unga ni nyumba yake inayoliwa.

Basi tafuta mianzi iliyotimiza miaka 3 au zaidi. Dalili zake ni hizi. Mwanzi mchanga una maganda yaliyoshikamana na pingili zake, na unga mweupe juu ya ngozi. Mwanzi uliokomaa hauna maganda, ngozi yake imepoteza mng'ao, nayo imefanya madoa ya ukungu. Ukiugonga kwa kisu hulia kwa sauti kavu. Uliozeeka sana hupasuka na kukauka juu. Huo acha uwe kuni.

Wakati mwema wa kukata ni masika yakiisha, mwezi wa Juni, machipukizi ya mwaka yakiwa yamekwisha kupanda juu na kumaliza sehemu kubwa ya wanga uliokuwa shinani. Tena mwezi huo una faida nyingine kwetu Wapemba: karafuu hazijaanza kuwaita watu. Zikiisha kuanza, mikono yote huwa mikarafuuni, na hutapata mtu wa kukushikia kamba.

Kata karibu na ardhi, juu kidogo ya pingili ya kwanza au ya pili. Usiache kikombe juu ya kisiki, maana hujaa maji ya mvua, na maji yale huozesha shina na kuzaa mbu wa kuwauma watoto wako. Wala usikate shina zima. Acha machipukizi ya mwaka huu na ya mwaka jana, nayo yatakuwa akiba yako.

Mianzi ikiisha kukatwa, toboa vizuizi vya ndani vya pingili kwa chuma kirefu, kisha iloweke katika kijito au kidimbwi kwa majuma 3 au 4, ukiigandamiza kwa mawe ili isielee. Maji huingia ndani na kuuondoa wanga. Harufu yake si njema, na kwa hiyo usiiloweke mahali watu watekapo maji. Mwenye uwezo aweza kutumia dawa ya chumvi ya boraksi na asidi ya boriki iliyochanganywa na maji, nayo ni nzuri kuliko maji matupu. Kisha isimamishe kivulini, penye upepo, kwa muda wa majuma 6 hivi. Usiilaze juani, maana itapasuka. Hesabu yake basi ni hii: aliyekata mwanzoni mwa Juni, mianzi yake itakuwa tayari kabla ya Agosti kwisha, naye ataweza kuezeka kabla ya mvua za vuli za mwezi wa Oktoba.

Mahali na msingi

Pemba ni nchi ya vilima vidogo na mabonde, na mvua yake hupita milimita 1,500 kwa mwaka. Adui wa kwanza wa banda, basi, ni maji. Chagua mahali palipoinuka, lakini si juu kabisa ya kilima penye upepo mkali. Usijenge chini ya mnazi, kwa ajili ya nazi na makuti yaangukayo; wala chini ya mwembe mkubwa, maana kivuli chake hulifanya paa likae na unyevu siku zote. Hata na shina lenyewe la mianzi liwe mbali kidogo, kwa kuwa mizizi yake hutambaa, na majani yake makavu hupenda moto.

Inua sakafu kwa mawe na udongo uliopondwa, kimo cha shibiri 2 juu ya ardhi. Zunguka pande zote kwa mfereji wenye mteremko, ili maji yatokayo paani yaende zake.

Nitawapa kipimo cha banda linalotosha mume na mke na mtoto mchanga, au mlinzi na majamvi yake: urefu dhiraa 10, upana dhiraa 8. Dhiraa ni nusu ya mita kasoro kidogo. Nguzo za ukuta ziwe 4 kila upande wa urefu, kimo chake dhiraa 5 juu ya sakafu. Katikati ziwe nguzo 3 ndefu za kubeba mwamba, yaani mti wa juu kabisa wa paa, kimo chake dhiraa 9. Jumla ni nguzo 11.

Nguzo ya mwanzi isichimbiwe ardhini kabisa, maana ndani ya mwaka mmoja au miwili itaoza. Chimba shimo, lijaze mawe na zege, na katika zege simamisha chuma cha unene wa kidole, kitokeze juu kadiri ya dhiraa 1. Nguzo ivikwe juu ya chuma hicho, na tundu lake la chini lijazwe saruji na mchanga. Hivyo mguu wa nguzo hukaa juu ya jiwe, mbali na maji na mchwa, wala upepo hauwezi kuing'oa. Asiyeweza mianzi minene ya nguzo na atumie mivinje, ambayo hupandwa sana visiwani, akaipake lami sehemu ya chini.

Kusimamisha na kufunga

Kila mwanzi ukatwe karibu na pingili, ili mwisho wake usiwe tundu tupu. Mahali pa tundu hupondeka, na tena huwa mlango wa wadudu. Kichwa cha nguzo kichongwe kwa kubonyea, mfano wa mdomo wa samaki, na mtambaapanya ulale ndani ya mdomo huo. Usipige msumari katika mwanzi bila kwanza kuutoboa kwa kekee, maana utapasuka toka pingili hata pingili. Kamba ndiyo rafiki wa mwanzi.

Kamba iliyo njema ni ya usumba. Akina mama wa pwani hufukia makumbi ya nazi katika mchanga au tope la ufukweni kwa miezi mingi, kisha huyafukua, huyaponda, na kusokota nyuzi zake. Kazi hiyo ni ngumu, na ni haki kuilipia bei yake bila kuipunja. Loweka kamba kabla ya kuifunga ili ilainike, uizungushe mara nyingi, na kila mzunguko uvutwe kwa nguvu.

Juu ya mitambaapanya na mwamba hulazwa makombamoyo. Ukiweka moja kila dhiraa, yatakuwa 11 kila kipaa, jumla 22. Urefu wa kila moja uwe dhiraa 7 na nusu, ili dhiraa moja na nusu itokeze nje ya ukuta kuwa upenu. Mwanzi mmoja mzuri hutoa makombamoyo mawili, basi mianzi 11 yatosha kwa kazi hiyo. Katika kipimo hiki paa hupanda dhiraa 4 kutoka ukutani hata mwamba, yaani nusu ya upana wa banda. Mteremko huo usipunguzwe. Paa la makuti lililolala sana huyanywa maji badala ya kuyamwaga.

Tena funga kila kombamoyo katika mwamba na katika mtambaapanya, na mtambaapanya katika nguzo, kama mtu afungaye mzigo utakaosafiri mbali. Pepo kubwa ni nadra kwetu, lakini zipo. Tufani ya Aprili mwaka 1872 iliivunja Unguja na kuiangusha mikarafuu yake mingi, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Ndipo kisiwa chetu kikawa shina la karafuu. Na mwezi wa Mei mwaka 2024 tufani iliyoitwa Hidaya ilifika pwani ya Tanzania karibu na Mafia. Upepo hauliangushi paa kwa kulisukuma chini. Huingia chini ya upenu na kuliinua juu. Paa lisilofungwa huruka.

Kuta na paa

Kwa banda la bustani, ukuta wa mwanzi uliopasuliwa na kusukwa hutosha, nao hupitisha hewa. Upande wa ngozi uelekee nje, maana ngozi ni ngumu nayo humwaga maji. Chini kabisa uanze ukuta mdogo wa mawe, kimo cha shibiri 2, ili mvua irukayo kutoka ardhini isiuguse mwanzi.

Lakini kama watu watalala humo kipindi cha baridi cha kipupwe, ni afadhali kukandika. Wamba fito pande mbili za ukuta, tia udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, uache ukauke na kupasuka, kisha ukandike mara ya pili kuziba nyufa. Mwisho paka chokaa. Chokaa huangaza chumba, na tena husaidia kuonyesha njia za mchwa, kwa kuwa mstari wa udongo mwekundu huonekana upesi juu ya weupe. Madirisha yawekwe wavu wa kuzuia mbu, na kila kitanda kiwe na chandarua. Malaria imepungua sana Zanzibar, lakini haijakwisha, nayo hurudi pale watu wanapojisahau.

Makuti ya kuezekea ni yale ya viungo, yaliyokunjwa juu ya upongoo na kushonwa. Yale ya kumba ni ya ua na vizuio. Kabla ya kununua, chukua kuti moja ulitazame kwenye mwanga. Likionyesha jua kama chujio, muuzaji amekunja majani machache. Kuezeka huanza chini kwenye upenu na kupanda juu, kila mstari ukiufunika ule ulio chini yake. Wengine, ili wapunguze gharama, huyaachanisha makuti kwa shibiri nzima. Paa la namna hiyo huvuja mwaka wa pili. Lile lililobanwa, kila kuti likiacha wazi upana wa vidole vinne vitano tu vya lile la chini, laweza kukaa miaka 5 na zaidi. Basi hesabu si ya makuti mangapi, bali ya miaka mingapi.

Juu kabisa, penye mgongo wa paa, pawekwe makuti mazito yaliyopandana pande zote mbili na kubanwa kwa fito. Mahali hapo ndipo paa huanza kuvuja.

Kulitunza mwaka mzima

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Banda la mianzi halitaki kazi nyingi, bali lataka kutazamwa mara kwa mara. Na kwa kuwa kwetu majira huenda kwa pepo na mvua, ni rahisi kukumbuka kazi zake.

Kaskazi, kati ya Desemba na Februari, jua ni kali na paa ni kavu. Panda juu kwa ngazi iliyolazwa, uondoe majani yaliyoanguka, utoe makuti yaliyooza, na kupachika mapya mahali pake. Kaza kamba zilizolegea. Wakati huo ndio wa hatari ya moto, basi usichome taka za shamba karibu na banda.

Masika, kuanzia Machi hata Mei, kazi ni ya maji. Safisha mfereji kabla ya mvua ya kwanza. Mvua ikinyesha sana, ingia ndani utazame juu. Kila tone lina njia yake, nawe utie alama mahali lilipo ili upazibe siku ya jua. Ukuta wa udongo ukiloa chini na kuvimba, watoto wasilale upande huo. Ukuta uliolowa huanguka usiku bila kutoa habari.

Kipupwe, Juni hata Septemba, ni wakati wa kukata mianzi ya akiba, kukandika nyufa, na kupaka chokaa upya. Gonga kila nguzo kwa kipini cha kisu. Iliyo nzima hulia, iliyoliwa hukaa kimya. Nguzo moja mbovu yaweza kubadilishwa kwa siku moja, ukiitegemeza paa kwa mihimili. Nguzo tatu mbovu ni banda jipya.

Vuli, kabla ya Oktoba, rudia kutazama mgongo wa paa na mfereji.

Na kila juma, majira yote, mmoja wa watoto apewe kazi ya kulizunguka banda na kufagia. Ala ya mchwa ikionekana juu ya jiwe la msingi, ivunjwe, na kiota chao kitafutwe. Kuni zisipangwe kuegemea ukuta, maana huwa daraja la mchwa.

Yako maneno juu ya moshi ambayo lazima yasemwe sawasawa. Ni kweli kwamba paa lililofukizwa moshi kila siku hudumu, maana wadudu hukimbia na makuti hukauka. Lakini sasa yajulikana pia kwamba moshi wa kuni hudhuru mapafu na macho, na wanaoumia kwanza ni mama apikaye na mtoto aliye mgongoni mwake. Kwa hiyo jiko liwe mbali, hatua 10 au zaidi, upande ambao upepo hautupi cheche juu ya banda. Atakaye kulifukiza banda na afanye hivyo mara mojamoja, watu wote wakiwa nje, chungu cha moshi kikiwa kimesimamiwa na mtu mzima, na ndoo za maji na mchanga zikiwa tayari. Tena tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme kwa waya upitao chini ya bahari kutoka Tanga. Ni neema kubwa. Ila waya wa umeme usipitishwe uchi ndani ya makuti. Panya huuguguna, nao hutoa cheche usiku.

Kazi ya wengi

Banda moja halijengwi na mtu mmoja. Zamani kijana alipotaka kujenga, jirani zake walikuja kwa ujima: mmoja na panga, mmoja na kamba, wa tatu na wimbo. Akina mama walipika, na jioni paa likawa limesimama. Aliyesaidiwa leo alisaidia kesho. Desturi hiyo yafifia, kwa kuwa bati na matofali hujengwa na mafundi wa kulipwa. Na pamoja nayo yafifia maarifa yenyewe. Yako makundi ya vijana Wawi na Chake Chake wajuao kuendesha pikipiki na kutengeneza simu, nao hawajui kufunga kombamoyo. Wazee wanaojua ni wachache, na kila mwaka wapungua. Basi, ewe baba, ukienda kutengeneza paa, mchukue mwanao na binti yako wakushikie kamba. Waache wafunge wenyewe, kisha vuta ujaribu fundo lao.

Na jambo la mwisho ni hili. Mtu asiye na mianzi na aipande, tena masika yajayo. Achukue kipande cha shina chenye mizizi na macho yaliyo hai, akipande pembezoni mwa shamba mahali penye unyevu, akimwagilie mpaka kishike. Itamchukua miaka minne mitano kabla ya kukata mianzi ya kujengea. Ni muda mrefu kwa mtu anayetaka nyumba mwaka huu; lakini paa la makuti litakuwa limechakaa wakati huo huo, na mianzi mipya itakuwa imekomaa kuingoja kazi.